SOMO LA TEHAMA: Seva ya Nyumbani Inapokataa Kukufungulia Ukiwa Mbali

Lengo la somo: Ukimaliza kusoma, utaweza kutambua kwa nini kompyuta uliyoiacha nyumbani inakataa kuingiwa kutoka mbali, kulitafuta kosa kwa utaratibu bila kubahatisha, na kulirekebisha bila kuwafungulia wezi wa mtandaoni mlango.

Somo hili linamfaa nani: Makatibu wa vikundi, walimu, wenye maduka ya saiba, vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na mkazi yeyote aliye na kompyuta nyumbani inayotunza kazi ya watu wengine.

KWA NINI SOMO HILI

Vikundi vingi vya wakulima katika sehemu zetu za majani chai na maziwa vimeanza kuweka hesabu zao kwenye kompyuta. Mara nyingi si mtambo wa bei. Ni kompyuta kuukuu ya mezani au laptopu iliyovunjika kioo, imewekwa kwenye kona ya sebule ya katibu, inawaka usiku na mchana. Ndani yake mna kilo za majani mabichi ya kila mwanachama kama zilivyopimwa kituoni, mikopo ya kikundi, na nakala za risiti. Kompyuta ya namna hiyo, inayokaa mahali pamoja ikihudumia kompyuta na simu nyingine, ndiyo tunayoiita seva.

Faida yake yaonekana wakati wa bonasi. Mkulima akisema kilo za mwezi fulani hazilingani na risiti aliyo nayo, jibu liko ndani ya seva. Katibu akiwa Nakuru au Kisumu, hufungua simu au laptopu yake, akaingia kwenye seva ya nyumbani kupitia mtandao, akasoma hesabu na kuituma.

Siku ambayo seva inakataa kufungua ndiyo siku ambayo mkutano umeitishwa. Wanachama wameketi, mwenyekiti anapiga simu, na kioo cha katibu kinaonyesha maneno mawili tu: "Connection refused". Wengi hapa hukata tamaa, au hufanya jambo baya zaidi: hufungua kila mlango wa kompyuta ili tu waingie, kisha husahau kuifunga. Somo hili linaonyesha njia iliyo bora kuliko hizo mbili.

MANENO YA KUJUA KWANZA

SSH: Njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali na kuipa amri. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya wezi kunasa manenosiri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo hicho. Tangu 1999 kuna toleo la bure liitwalo OpenSSH, na ndilo linalotumika katika seva nyingi duniani leo.

Anwani ya IP: Nambari inayoitambulisha kompyuta ndani ya mtandao, kwa mfano 192.168.1.10.

Mlango: Kompyuta moja ina milango mingi yenye nambari, na kila huduma husubiri wageni kwenye mlango wake. SSH husubiri kwenye mlango nambari 22, isipokuwa mwenyewe ameuhamisha.

Ruta: Kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani na kugawa anwani kwa simu, runinga na kompyuta zote za nyumba.

Faiwoli: Programu ya askari wa milango. Huamua mgeni yupi apite na yupi azuiwe.

SIKILIZA JIBU KABLA YA KUTENGENEZA

Kuingia kwenye seva ni kama kupiga hodi. Unapopiga hodi kwenye boma la watu, ukimya una maana yake na jibu lina maana yake. Kompyuta nayo hujibu kwa maneno tofauti, na kila neno hukuelekeza mahali tofauti pa kutafuta kosa. Yasome kikamilifu na uyaandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

"Connection refused": Hodi yako imefika kwenye kifaa fulani, na kifaa hicho kimejibu mara moja kwamba mlango huo hauna mtu. Hii ni habari njema kuliko inavyosikika, kwa sababu njia ipo na kuna kifaa kinachowaka upande wa pili. Kosa ni moja kati ya haya: huduma ya SSH haijawashwa, inasubiri kwenye mlango mwingine, faiwoli imeamriwa kukataa waziwazi, au umebisha kwenye kifaa ambacho si seva yako.

"Connection timed out": Umebisha, ukangoja, hakuna aliyejibu. Huenda seva imezimika, stima imepotea, intaneti imekatika, au faiwoli inazitupa hodi zako kimyakimya.

"No route to host": Mara nyingi, ukiwa ndani ya nyumba, maana yake hakuna kifaa chochote chenye anwani hiyo kwa wakati huo.

"Could not resolve hostname": Jina uliloandika halijulikani. Angalia tahajia, au tumia nambari ya anwani badala ya jina.

"Permission denied": Mlango umefunguliwa, lakini mwenyeji hakutambui. Jina la mtumiaji, nenosiri au ufunguo wako si sahihi. Usipoteze muda kwenye ruta. Njia ni nzima.

"REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED": Kifaa kilichojibu si kile ulichokizoea. Huenda seva imewekewa programu upya, huenda anwani imehamia kompyuta nyingine, au kuna mtu amejiweka katikati. Usilipuuze onyo hili. Piga simu nyumbani uthibitishe kwanza.

Ukitaka kuona zaidi, ongeza herufi v katika amri yako:

ssh -v katibu@192.168.1.10

Kompyuta itakueleza inabisha anwani gani na mlango upi. Mara nyingi kosa huonekana hapo hapo: anwani ya zamani, au nambari ya mlango iliyosahaulika.

KANUNI MOJA: ANZA NDANI, MALIZIA NJE

Hodi kutoka Nakuru hupita mahali pengi: laptopu yako, mtandao wa mtoa huduma, ruta ya nyumbani, faiwoli ya seva, na mwisho huduma ya SSH yenyewe. Ukianza kutafuta kosa popote tu, utabadilisha mambo matano na usijue lipi lilisaidia. Anza kwenye seva yenyewe, utoke nje hatua kwa hatua. Badilisha jambo moja, jaribu, kisha uendelee.

Kwa hatua nne za kwanza unahitaji mtu aliye mbele ya seva. Ukiwa mbali, mpigie aliye nyumbani na umsomee amri herufi kwa herufi. Mifano hii ni ya seva zinazotumia Ubuntu, Debian au Raspberry Pi OS.

Hatua ya 1: Je, seva inawaka na imeunganishwa?

Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini sehemu zetu stima hupotea mara nyingi wakati wa mvua ya radi. Kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezima hata stima ikirudi, mpaka mtu abonyeze swichi. Katika mipangilio ya awali ya kompyuta, ile inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, mara nyingi mna chaguo la kuiamuru iwake yenyewe stima ikirudi. Liwashe. Tazama pia kebo inayotoka kwenye ruta. Seva inayotegemea Wi-Fi husumbua zaidi kuliko iliyounganishwa kwa kebo.

Hatua ya 2: Je, huduma ya SSH ipo na inafanya kazi?

sudo systemctl status ssh

Ukiona "active (running)", huduma inafanya kazi. Ukiambiwa huduma hiyo haipatikani, haijawekwa kabisa. Ubuntu ya mezani huja bila seva ya SSH, na Raspberry Pi OS huja ikiwa imeizima. Iweke na kuiwasha hivi:

sudo apt install openssh-server
sudo systemctl enable --now ssh

Neno "enable" ndilo wengi husahau. Bila hilo, huduma hufanya kazi leo, na stima ikipotea kesho haiwaki tena yenyewe. Ndipo watu husema seva "imeharibika bila sababu".

Tahadhari: katika Ubuntu mpya, kama 24.04, huduma inaweza kuonekana "inactive" ilhali hakuna kosa. Mfumo wenyewe ndio unaolinda mlango, na huiamsha SSH mgeni wa kwanza anapobisha. Kwa hiyo usitoe hukumu kabla ya hatua ya 3.

Hatua ya 3: Je, kuna anayesikiliza mlangoni, na mlango upi?

sudo ss -tln

Orodha itatokea. Tafuta mstari wenye :22. Ukiona 0.0.0.0:22 au [::]:22, seva inapokea wageni kutoka pande zote. Ukiona 127.0.0.1:22 pekee, inajisikiliza yenyewe tu, na kila mgeni wa nje atakataliwa. Ukikuta :2222 badala ya :22, mtu alihamisha mlango, nawe lazima ubishe huko:

ssh -p 2222 katibu@192.168.1.10

Ikiwa hakuna mstari wowote wa SSH, huenda faili ya mipangilio, /etc/ssh/sshd_config, ina kosa la uandishi. Ikague hivi:

sudo sshd -t

Amri hii ikinyamaza, faili ni nzima. Ikisema, itakutajia mstari wenye kosa. Ukibadilisha nambari ya mlango kwenye Ubuntu 24.04, kuiwasha upya SSH peke yake hakutoshi. Andika pia:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl restart ssh.socket

Sasa jaribu kuingia ukiwa kwenye seva yenyewe: ssh localhost. Ikikubali, seva ni nzima na kosa liko nje yake.

Hatua ya 4: Je, faiwoli imekataa?

sudo ufw status

Ikiwa faiwoli inafanya kazi na hakuna mstari unaoruhusu SSH, ongeza:

sudo ufw allow 22/tcp

Kuna ukataaji mwingine unaochanganya watu wengi. Umekosea nenosiri mara kadhaa, halafu ghafla "Permission denied" inageuka kuwa "Connection refused". Hii ni kazi ya programu ya ulinzi iitwayo fail2ban, ikiwa imewekwa. Kwa mipangilio yake ya kawaida, anayekosea mara 5 ndani ya dakika 10 hufungiwa nje kwa dakika 10. Haijaharibika, inafanya kazi yake. Ngoja, au aliye nyumbani akutoe kwenye orodha:

sudo fail2ban-client status sshd
sudo fail2ban-client set sshd unbanip (hapa andika anwani iliyofungiwa)

Amri "ufw limit" nayo huleta hali kama hiyo kwa anayebisha mara 6 au zaidi ndani ya sekunde 30. Kwa hiyo ukikataliwa, usibishe mfululizo kwa hasira.

Hatua ya 5: Je, unabisha kwenye kifaa sahihi?

Ruta hugawa anwani kwa mkopo. Seva ikizima na kuwaka, inaweza kupewa nambari nyingine, na ile ya zamani ikapewa runinga au simu ya mgeni. Aliye nyumbani aandike kwenye seva:

hostname -I

Linganisha na anwani uliyo nayo. Kisha fungua ukurasa wa ruta na uihifadhie seva anwani moja ya kudumu. Kazi hii hufanywa mara moja, nayo huondoa kero nyingi. Baada ya hapo, jaribu kuingia kutoka kompyuta au simu nyingine iliyo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ikikubali, yaliyobaki ni ya nje ya nyumba.

Hatua ya 6: Je, ruta inawaelekeza wageni kwa seva?

Dunia ya nje haiijui anwani 192.168.1.10, kwa kuwa maelfu ya nyumba zina nambari hiyo hiyo. Inaijua ruta yako tu. Ni lazima ruta iambiwe: mgeni akibisha mlango fulani, mpeleke kwa seva. Ikiwa haijaambiwa, itakataa yenyewe au itanyamaza.

Usijaribu hatua hii ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, maana baadhi ya ruta hazikubali mtu wa ndani kuingia kupitia anwani ya nje, na utapata jibu la uongo. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia bando, kisha ujaribu. Kwenye simu za Android, programu ya bure iitwayo Termux inaweza kuendesha amri ya ssh.

Hatua ya 7: Je, una anwani yako mwenyewe, au mnatumia moja watu wengi?

Hapa ndipo wakazi wengi hukwama bila kujua. Anwani za IP za aina ya zamani ni chache, kwa hiyo watoa huduma wengi, hasa wa intaneti ya laini za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ni kama sanduku moja la posta la kijiji kizima: barua unaweza kutuma, lakini ya kuingia haijulikani ni ya nani.

Kujua ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta, usome anwani iliyopewa upande wa intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya umma. Nambari zikilingana, una anwani yako. Zikitofautiana, mko nyuma ya ruta nyingine ya mtoa huduma. Dalili nyingine ni anwani ya ruta kuanza na 10., au kuwa kati ya 100.64 na 100.127. Katika hali hiyo hakuna mpangilio wowote wa ruta yako utakaosaidia. Una njia tatu:

Ya kwanza, muulize mtoa huduma wako kama anatoa anwani ya umma na kwa malipo gani.

Ya pili, tumia mtandao wa faragha. Programu kama Tailscale, inayotumia teknolojia ya WireGuard, huwekwa kwenye seva na kwenye simu yako, navyo hukutana bila wewe kufungua mlango wowote kwenye ruta. Kwa kikundi kidogo, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza.

Ya tatu, kama una seva ndogo ya kukodi kwingine, acha seva ya nyumbani ndiyo ianze kutoka na kushikilia njia wazi:

ssh -N -R 2222:localhost:22 jina@anwani-ya-seva-ya-kukodi

Kisha utaingia kwenye seva ya kukodi, na kutoka hapo ubishe nyumbani kwa: ssh -p 2222 katibu@localhost.

MFANO: SAA MOJA KABLA YA MKUTANO

Tuseme katibu wa kikundi cha wakulima wa Litein yuko Nakuru, amempeleka mama mkwe hospitali. Mtoa huduma wake humpa anwani ya umma, na ruta yake huwapeleka wageni kwenye 192.168.1.10. Mkutano ni saa nane mchana. Saa saba anajaribu kuingia, anakuta "Connection refused". Anampigia bintiye aliye nyumbani.

"Stima ilipotea jana?"

"Ndiyo, mama. Mvua ilinyesha usiku, ikarudi asubuhi."

"Kompyuta ya kikundi inawaka?"

"Inawaka. Taa ni kijani."

"Haya, andika hostname, nafasi, kistari, I kubwa. Imesema nini?"

"Imesema 192.168.1.23."

Katibu ananyamaza kidogo. "Washa runinga, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, unisomee anwani yake."

"192.168.1.10, mama."

Kosa limepatikana bila kubadilisha chochote. Baada ya stima kurudi, runinga iliwaka kwanza ikachukua anwani ya seva. Ruta iliendelea kutii amri ya zamani, ikawapeleka wageni kwa runinga. Runinga haina huduma ya SSH, ikakataa. Ndiyo maana jibu lilikuja haraka: kulikuwa na kifaa kilicho hai, ila si kile kilichotafutwa.

Binti anafungua ukurasa wa ruta, anabadilisha maelekezo yaende kwa 192.168.1.23, na kuihifadhia seva anwani hiyo iwe ya kudumu. Katibu anajaribu tena, anaingia, na saa nane kasorobo karatasi ya kilo iko kwenye simu ya mwenyekiti.

Angalia asichokifanya katibu huyu. Hakumwambia binti azime faiwoli. Hakuweka nenosiri jepesi. Hakuziweka programu upya. Aliuliza maswali manne, na swali la nne likajibu.

USIFUNGUE MLANGO BILA KITASA

Mlango wa 22 unapofunguliwa kwa dunia nzima, mashine za wahalifu huanza kuubisha bila kukoma, zikijaribu manenosiri ya kawaida usiku na mchana. Hazikujui wewe wala kikundi chako. Hubisha kila anwani. Kwa hiyo, kabla ya kufungua seva kwa nje, fanya haya:

1. Tengeneza ufunguo kwenye laptopu yako kwa amri ssh-keygen -t ed25519, kisha upeleke nakala yake ya wazi kwa seva kwa ssh-copy-id katibu@192.168.1.10. Ufunguo wa siri haupewi mtu wala hautumwi kwa WhatsApp.

2. Ukishathibitisha kwamba ufunguo unafungua, zima kuingia kwa nenosiri: andika PasswordAuthentication no katika mipangilio ya SSH, ikague kwa sudo sshd -t, kisha sudo systemctl reload ssh. Usifunge dirisha ulilo nalo mpaka dirisha la pili lifanikiwe kuingia. Mabadiliko ya namna hii yafanye ukiwa nyumbani.

3. Kila anayeingia awe na jina lake na ufunguo wake. Mhasibu akiondoka kwenye kikundi, ufunguo wake uondolewe siku hiyo hiyo.

4. Sasisha programu za seva mara kwa mara: sudo apt update, kisha sudo apt upgrade.

5. Soma nani amebisha: sudo journalctl -u ssh --since today.

Kumbuka pia sheria. Majina ya wanachama, nambari zao za simu, kilo na mikopo yao ni data ya binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ikivuja na kuwa na hatari ya kuwadhuru wenyewe, anayeisimamia anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Vilevile, kutumia ujuzi wa somo hili kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Bisha kwako tu, au kwa aliyekuruhusu.

KARATASI YA KUBANDIKA KARIBU NA SEVA

Andika haya kwa kalamu, uyabandike ukutani ndani ya nyumba, mahali wageni hawayaoni: anwani ya seva, nambari ya mlango, jinsi ya kufungua ukurasa wa ruta, na amri tatu: hostname -I, sudo systemctl status ssh, na sudo ss -tln. Usiandike nenosiri. Karatasi hii itamsaidia mtoto wa kidato cha pili kukuokoa ukiwa mbali.

Laptopu kuukuu yenye betri nzima yafaa kuwa seva, kwani haizimiki stima inapopotea kwa muda mfupi. Ruta nayo ipewe kifaa cha kuzuia mishtuko ya stima, maana radi haichagui. Na hata seva iwe imara namna gani, weka nakala rudufu ya hesabu kwenye diski nyingine iliyo nyumba nyingine, na kitabu cha kikundi kiendelee kuandikwa. Kilo za mkulima zisitegemee mlango mmoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umepata "Connection timed out" ukiwa Kisumu, lakini aliye nyumbani anaingia bila shida. Utaanza na hatua ipi?

2. Jana uliingia vizuri. Leo stima imepotea na kurudi, na seva inawaka, lakini inakukataa. Taja sababu mbili.

3. Umekosea nenosiri mara tano, sasa unakataliwa kabisa. Utafanya nini kabla ya kumsumbua mtu?

4. Ruta yako inaonyesha anwani 100.72.15.4 upande wa intaneti. Kwa nini kuelekeza mlango kwenye ruta hakutasaidia?

Majibu: (1) Hatua ya 6, kisha ya 7, kwa kuwa ndani ya nyumba ni kuzima. (2) Huduma haikupewa "enable", au seva imepata anwani mpya. (3) Ngoja dakika kumi, kisha ujaribu mara moja kwa uangalifu. (4) Anwani hiyo si yako peke yako. Hodi za nje haziwezi kuifikia ruta yako moja kwa moja.

Kata ukurasa huu na uuhifadhi pamoja na vitabu vya kikundi. Ukiwa na jirani anayetunza hesabu za watu kwenye kompyuta, msomee.